Tuligoma Msimu wa Korosho

Mtu akiniambia ualimu ni wito, damu hunichemka hadi leo. Mwalimu mkuu wetu alilipenda sana neno hilo. Kila mwisho wa mwezi mshahara usipofika alilitoa kama mtu anayetoa pipi mfukoni kumnyamazisha mtoto. "Walimu wenzangu, tukumbuke kazi yetu ni wito." Na sisi tulioitwa tulikuwa tumekaa mbele yake, viatu vimeshonwa kwa uzi wa katani, matumbo yamejaa ugali wa muhogo tuliopewa na wazazi wa watoto tuliowafundisha.

Shule ilikuwa juu uwandani, upande wa Newala, karibu na pale barabara inapoanza kushuka kwenda Masasi. Mimi nilikuwa mgeni huko. Kwetu ni Lulindi, kwa watu wa misheni, na babu yangu alikuwa mwalimu, baba yangu mwalimu. Nyumbani kwetu neno mwalimu lilitamkwa kwa sauti ileile ya kutamkia kanisa. Nilipopangiwa shule ile, baba aliniusia jambo moja tu: "Mwanangu, mwalimu hadaiwi dukani." Alisema kweli ya zamani zake. Zamani zake mshahara ulikuja.

Zangu zilikuwa zama za ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kila kitu. Miaka ya nyuma duka la kijiji lilikuwa na viberiti na vumbi, na sisi mifukoni hatukuwa na kitu, basi tukawa tumetoshana. Sasa duka lilijaa sabuni za rangi zote, mafuta ya nywele, betri, vitenge, na gulioni mitumba ilimwagwa chini vilima kwa vilima. Aliyekuwa na mikorosho alinunua. Mwalimu alipita akisema "nitarudi", na mwenye duka, aliyekuwa mwanafunzi wetu, akajibu "karibu, Mwalimu," huku akijua hatutarudi.

Miezi mitatu ilikuwa inakwisha bila mshahara. Kila tulipopeleka mtu mjini kuulizia, alirudi na jibu lilelile: wiki ijayo. Nauli ya kwenda kuulizia tulichangishana.

Mimi niliuza maandazi saa ya mapumziko. Nalisema hili bila aibu kwa sababu aibu haikuwa yangu. Asubuhi unamfundisha mtoto Kiswahili, saa nne unamuuzia andazi, saa tano unamgombeza kwa kutofanya kazi uliyompa, naye anakutazama kama mteja anayetukanwa dukani. Kuna mtoto aliwahi kuniambia, kwa adabu zote, mikono nyuma, "Mwalimu, jana ulinipa dogo." Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya choo cha walimu nikalia kwa hasira.

Asingekuwa jirani yangu ningefunga virago, nikambeba mwanangu mdogo nikarudi kwetu. Alikuwa mama wa Kimakonde, umri wa kunizaa, aliyeachwa na mume akabaki na mikorosho aliyorithi kwa mama yake na binti mmoja wa uzeeni. Alinipa unga, alinipa mbaazi, alinipa ming'oko, vile viazi vya porini, njaa ilipobana. Niliposema "Mama, nitalipa," alinikata: "Nani kakuuzia?" Maji kule juu hutoka bondeni, na kushuka na kupanda kunakula asubuhi nzima. Binti yake alikuwa akirudi na ndoo mbili, moja kichwani na moja mkononi, na ya pili aliitua mlangoni kwangu bila kusema neno.

Binti huyo alikuwa darasa la saba, darasa langu. Nimefundisha watoto wengi na sina haja ya kudanganya: yule alikuwa na kichwa. Ukimwandikia sentensi mbovu ubaoni kwa makusudi, alianza kutikisa mguu chini ya dawati hata kabla hujamaliza kuiandika. Shule yetu ilikuwa haijapeleka msichana sekondari tangu niifahamu. Waliokuwa na akili walichezwa unyago, wakaposwa, wakaondoka. Huyu mama yake alikuwa amekwisha wafukuza wachumba wawili kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

Siku alipomaliza mtihani wa mwisho nilikwenda kwa mama yake.

"Mama, huyu atachaguliwa. Akichaguliwa, mimi ninatoa nusu ya ada. Nusu ni yako."

"Yangu iko juu ya mikorosho, ile pale," akasema. "Yako iko wapi, Mwalimu?"

"Yangu iko njiani."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi pia nilicheka. Lakini ahadi ni deni, na nilipolala usiku ule nilikuwa nimeshajua kwamba mshahara wangu si wangu tena, ni shule ya mtoto yule. Siku hizo serikali ilikuwa imesema wazazi wachangie. Hapana ada, hapana shule.

Ndipo habari ya mgomo ikaja. Mwalimu mmoja alipanda na baiskeli kutoka chini, kutoka Lupaso, jasho linamtiririka, akasema shule za kule zimekubaliana: kuanzia Jumatatu hakuna kufundisha mpaka mshahara utoke. Chiwata nako wanajadili. Je, sisi wa juu?

Tulikutana Ijumaa jioni ofisini. Ofisi yetu ilikuwa pia stoo ya majembe na ya korosho za shamba la shule, kwa hiyo tulikaa wengine juu ya viti na wengine juu ya magunia. Aliyesimama wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu. Alikuwa mzaliwa wa palepale, baba wa watoto wanne, mwenye suruali moja ya kazini ambayo mkewe aliifua Jumamosi na kuikausha Jumapili. Tulikuwa watani, mimi Mmakua na yeye Mmakonde, na hakuna siku iliyopita bila kuniita mtoto wa mapadri.

"Mwenye nyumba akimnyima mfanyakazi mshahara, mfanyakazi anaondoka," alisema. "Sisi hatuondoki, hatulipwi, na tunashangilia kwenye sikukuu. Watu wanasema nini? Wanasema hawa wameshiba. Mimi Jumatatu sishiki chaki. Na anayeishika, asiniamkie tena."

Nilimpenda siku ile. Maneno yale yalikuwa yangu, yeye alikuwa ameyapa mdomo tu.

Mzee mmoja, aliyebakiza muda mfupi kustaafu, alisema anaogopa kiinua mgongo chake kisije kikapotea. Hakuna aliyemcheka. Mwalimu mkuu akangoja wote tumalize, kisha akauliza kwa upole ulionikera:

"Ninyi mtamgomea nani? Huu ni mwezi gani? Watoto wote wako mikoroshoni."

Tukatazamana. Kila mwalimu wa kule anajua jambo hili kama anavyojua jina lake. Korosho zikianza kudondoka, madarasa hukauka. Mtoto wa darasa la pili anaokota, wa darasa la tano anaokota, na mwalimu anafundisha madawati. Kila mwaka tunalalamika, kila mwaka tunaandika barua kwa wazazi. Na sasa sisi, watu tuliozaliwa na kukulia kwenye korosho, tulikuwa tunataka kugoma katika wiki ambazo shule hujifunga yenyewe. Walioanza huko chini wengi wao walikuwa wageni, vijana wa kutoka vyuoni, hawakujua. Sisi tulijua, na hasira ilikuwa imetupofusha.

"Hata kama," mwalimu wa hesabu akasema. "Njaa nayo haikungoja msimu."

Tukapiga kura ya mikono. Niliunyoosha wangu kwa nguvu mpaka gauni likachanika kwapani. Wote walinyoosha, hata yule mzee, wake ukiwa chini chini usawa wa sikio. Mwalimu mkuu hakunyoosha, lakini hakutuandika majina pia, na kwa hilo namshukuru.

Jumatatu tuligoma. Nalisema neno hilo nikiwa na uchungu. Nyumba zetu zilikuwa palepale shuleni, kwa hiyo tuliamka, tukaoga, wanaume wakachomekea mashati, tukaenda kukaa barazani kugoma. Watoto wachache waliofika tuliwaambia warudi nyumbani. Walipiga yowe la furaha, wakatimka. Wazazi walipita na magunia vichwani, wakatuona tumepanga mstari kama maharusi, wakatuamkia: "Poleni na kazi, walimu!" Mama mmoja alisimama kabisa kutushukuru. Alisema tumefanya la maana mwaka huu kufunga mapema, kwani mikono ilikuwa haitoshi shambani.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu wa hesabu akasema, "Mtoto wa mapadri, usikunje uso, utaonekana unafanya kazi." Sikucheka.

Siku ya tatu akaja wakala.

Hapo nyuma korosho zilinunuliwa na ushirika peke yake. Ushirika ulikuwa na maovu yake, ulikopa ukasahau kulipa, lakini ulikuwa mmoja na kila mtu alijua pa kuutukania. Baada ya ruksa walikuja wanunuzi binafsi. Huyu alikuwa kijana wa kimo cha wastani, mpole, anayenukia sabuni, ametumwa na tajiri wa mjini. Alikodi ghala la zamani la ushirika, akatundika mizani yake kwenye boriti, ile ya duara yenye mshale na ndoana chini, na lori likangoja pembeni. Alipungukiwa jambo moja: watu wa kupima na kuandika.

Alikuja barazani kwetu na kutusalimia mmoja mmoja.

"Nimesikia walimu mna nafasi," alisema. "Nahitaji makarani. Malipo ni jioni ileile, mkononi."

"Tumegoma," nikamwambia. "Hatujafukuzwa."

"Ndiyo maana nasema mna nafasi, dada." Akanigeukia vizuri. "Wewe hasa ungenifaa. Hawa kina mama wananishuku mimi. Wakimwona mwalimu kwenye mizani hawaulizi."

Nilimwambia jina la mwalimu haliuzwi kwa siku. Aliinamisha kichwa kwa heshima kama mtu aliyeambiwa bei akaona ni kubwa. Kesho yake asubuhi nikifagia uwanja, nilimwona mwalimu wa hesabu anapita na suruali yake imepigwa pasi, kalamu sikioni, anaelekea ghalani.

Nilimkimbilia. Nilimwambia kila kilichonijia mdomoni. Nilimkumbusha nani alisema nini Ijumaa, na nani asiamkiwe na nani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Niligoma kufundisha," akasema. "Sikugoma kula. Wanangu hawakupiga kura."

Nikarudi kwenye ufagio wangu, maana mtu akiniambia kweli ndipo huzidi kunikera. Hata wiki haikwisha, walimu wengine watatu walikuwa ghalani, mmoja anaandika, wawili wanahesabu magunia. Barazani tulibaki mimi, yule mzee, na mwalimu mkuu aliyekuja kukaa nasi kwa upweke. Kikulacho ki nguoni mwako. Mgomo wetu haukuvunjwa na serikali wala askari, ulivunjwa na ujira wa jioni, na kwa ndani niliwaelewa, na kuwaelewa kulinichoma zaidi ya kuwachukia.

Siku ya kliniki nilimpeleka mwanangu zahanati kupimwa. Alikuwa na miaka miwili. Nesi wa pale alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe, na desturi yake ilikuwa kutangaza kilo za kila mtoto mbele ya foleni nzima, ili mama mwenye mtoto aliyekonda aone haya akamlishe. Mtoto huwekwa kwenye kibeleko, kibeleko hutundikwa kwenye mizani, mtoto hulia, nesi hutangaza. Wangu alitangazwa kilo kumi na moja.

"Mtoto wa mwalimu asiyelipwa mbona mnene hivi?" akauliza mmoja kwenye foleni.

"Anakula kwa jirani," nikajibu, na foleni yote ikacheka, maana ilikuwa kweli.

Kesho yake jirani alikuja kuniita. Korosho zake zilikuwa zimekauka, amezijaza magunia, na wajukuu wa kaka yake walikuwa wamekuja kumsaidia kubeba. Alikuwa amevaa khanga mpya. "Twende unisindikize, Mwalimu. Leo naleta nusu yangu. Na anayepima ni mwalimu mwenzio, sina wasiwasi."

Kauli ile iliniingia kama mwiba. Nilimfunga mtoto mgongoni tukaenda.

Ghalani watu walikuwa wengi. Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama chini ya mizani, anasoma, mwenzake anaandika. Aliniona akatazama pembeni. Gunia la kwanza la jirani likatundikwa. Akalisoma kwa sauti. La pili likatundikwa, likasomwa. Yule mama alikuwa amejaza magunia kwa madebe yake maisha yake yote, na alijua gunia lake hutoa kilo ngapi kama ninavyojua herufi. Alitazama chini, akasema taratibu, "Mwaka huu korosho zimekuwa nyepesi."

Hazikuwa nyepesi. Wote nyuma yetu walikuwa wakisema maneno hayohayo tangu asubuhi: mwaka huu nyepesi, mvua haikutosha, ugonjwa wa mikorosho, ile dawa ya unga haikupigwa vizuri. Walilaumu mvua, walilaumu dawa, walilaumu miti yao wenyewe. Mizani hawakuilaumu kwa sababu chini yake alisimama mwalimu.

Sikupanga nilichofanya. Nilimfungua mtoto mgongoni, nikamkalisha ndani ya khanga, nikafunga pembe zake vizuri, nikamwambia mwalimu wa hesabu, "Shusha hilo gunia." Alilishusha, nafikiri kwa mshangao tu. Nikamtundika mwanangu kwenye ndoana.

Alilia kama anavyolia siku zote akitundikwa. Mshale ukatikisika, ukatulia.

"Soma," nikamwambia.

Akatazama kwenye lori.

"Soma, Mwalimu! Si unasoma tangu asubuhi?"

Nilisoma mwenyewe. Kilo tisa, haikufika hata tisa kamili. Mama mmoja, yuleyule wa kwenye foleni ya jana, akapiga makofi akasema, "Haya! Mtoto wa mwalimu kakonda kwa usiku mmoja!" Watu wakacheka, na katikati ya kicheko wakaelewa, na kicheko kikakatika. Niliona nyuso zikigeuka moja baada ya nyingine kuelekea kwenye magunia yao yaliyokwisha pakiwa kwenye lori.

Wakala akaja mbio. Alisema mizani ya zahanati ndiyo mbovu. Alisema mtoto anatikisika. Nikamwambia korosho hazitikisiki, basi tumlete nesi na mizani yake tutundike gunia moja pande zote mbili. Wanaume wakaanza kudai kupimiwa upya. Mimi sikuwa namtazama wakala tena, mwizi ni mwizi. Nilimtazama mwenzangu, aliyetufundisha sote Ijumaa ile maana ya kudhulumiwa.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Mimi nasoma mshale," akasema. "Mshale ukisema tisa, nasema tisa."

"Wewe ni mwalimu wa hesabu!"

"Mimi nasoma mshale tu."

Alasiri hiyo wakala aliwarudishia watu magunia ambayo hakuwa ameyalipia, akafungua mizani yake kwenye boriti, akaivingirisha ndani ya gunia, akapanda lori. Tulisikia likishuka taratibu kwenda kutafuta kijiji kingine, chenye walimu wengine. Watu walijitwika korosho zao kurudi nazo nyumbani. Nilitembea katikati yao na mtoto mgongoni, nimejaa kiburi, nasubiri mtu aniambie ahsante. Hakuna aliyeniambia.

Jirani yangu alikuwa uani anamenya mihogo nilipokwenda kumpa pole. Alinikaribisha kigoda.

"Mama, yule mtu alikuwa anatuibia," nikaanza.

"Alikuwa anatuibia," akakubali. "Mwanangu, unadhani mimi sikujua? Nimeuza korosho tangu hujazaliwa. Ushirika ulikuwa unatuibia, Mhindi kabla yake alikuwa anatuibia. Lakini alikuwa ananunua." Akaendelea kumenya. "Sasa nani ananunua?"

"Atakuja mwingine."

"Lini? Kabla ya mvua?"

Yeye hakunigombeza. Nilipoondoka alinifungia mihogo kwenye jani la mgomba kama siku zote, na mihogo ile ilikuwa mizito mikononi kuliko magunia yote niliyoyaona siku hiyo.

Wiki iliyofuata mshahara ulikuja, wa mwezi mmoja. Ilisemekana mgomo umefanikiwa. Walimu wa chini walifurahi, na wa juu tulirudi darasani kufundisha madawati. Mwalimu wa hesabu alikaa kiti cha mbali ofisini. Siku moja alinipita mlangoni akasema kwa sauti ndogo, "Ulinikosesha kazi." Nikamjibu, "Kazi yako iko ubaoni." Utani wetu uliishia hapo. Kwa mila za kwetu utani haufi, hurithiwa hata msibani, lakini wetu ulikufa, na namlaumu yeye.

Hakuja mnunuzi mwingine kabla ya mvua. Walikuja vijana kutoka Masasi na baiskeli, wakanunua kwa bakuli, kwa bei yao. Jirani yangu aliuza kwa bakuli kidogo kidogo, chumvi leo, mafuta ya taa kesho. Mvua ikanyesha, zilizobaki zikaanza kuota.

Majina ya waliochaguliwa yalifika muhula unafungwa. Jina lake lilikuwamo, msichana pekee. Mwalimu mkuu alilisoma mara mbili mbele ya mstari, na kwa mara ya kwanza nikadhani labda aliposema wito alikuwa na maana fulani. Jioni nilichukua nusu yangu niliyoahidi, karibu mshahara wote wa mwezi ule, nikaipeleka nikaiweka kwenye mkeka wa jirani yangu. Yeye akaingia ndani, akatoka na chake kilichofungwa pembe ya khanga. Hakikufika hata robo ya nusu yake. Tulizunguka kwa ndugu zake, tukazunguka kwa walimu, niliandika nyumbani Lulindi, baba akatuma alichoweza na pole nyingi. Siku ya kuripoti ilifika, ikapita. Yule mama alinirudishia fedha zangu zikiwa zimefungwa vilevile nilivyozifunga.

"Mpe mtoto wako," akasema. "Huyu wangu ndiyo basi."

Ningefanya tena? Watu niliowasimulia wameniuliza. Ningemtundika tena mwanangu leo hii. Lakini nimebaki na hasira isiyokuwa na mwenyewe. Nimkasirikie wakala? Alitumwa. Mwenzangu? Wanawe walikula. Wakubwa wa mjini? Wao walisema wiki ijayo, na wiki ijayo huwa inakuja. Kama mshahara ungefika kwa wakati wake, hakuna mwalimu ambaye angesimama chini ya mizani ile, na jirani yangu angeitazama kwa macho yake mwenyewe. Ndicho ninachokijua, na ndicho ninachokidai.

Msimu uliofuata mshahara ulichelewa tena. Mkutano uliitwa tena, Ijumaa tena, na ulipokaribia nilipita njia ya ghalani. Kulikuwa na mnunuzi mpya, lori jipya, na mizani imetundikwa kwenye boriti ileile. Chini yake alisimama karani mpya, amejifunga ile khanga mpya ya mama yake, jirani yangu, kalamu mkononi. Alikuwa anasoma kwa sauti safi, bila kukwama, kama nilivyomfundisha kusoma. Kina mama walikuwa wametulia kwenye foleni. Walimwamini.

Aliponiona aliacha kila kitu akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo, Mwalimu."

Nilitazama mizani. Aliona nilipotazama, na mguu wake ukaanza kutikisika chini ya khanga, kama zamani.

"Mimi nasoma mshale tu, Mwalimu," akasema.

Kisha akanisogelea, akashusha sauti ili wengine wasisikie, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtoto aliyemwekea mgeni kipande cha nyama. "Nimesikia mnataka kugoma tena. Hapa wanataka karani wa pili. Nimewaambia, mkigoma, nafasi hiyo wakuwekee wewe."

Nilimwambia ahsante, kwa sababu alinifanyia wema na mimi ndiye niliyemfundisha adabu. Nikaenda mkutanoni. Mwalimu mkuu alikuwa bado hajamaliza kuuliza nani anaunga mkono mgomo, mkono wangu ulikuwa tayari juu.